Andika kwa Penseli

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa Mama. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba ngazi za bweni hili ni arobaini na nne na mimi nina miaka hamsini na mbili. Meno ya Mama yamepatikana? Mara ya mwisho uliniambia mmeyatafuta hadi kwenye pipa la unga.

Habari ya Bi Maswali ilinifanya nipige vigelegele peke yangu ofisini, mpaka mfagiaji akaja kuchungulia kama nimepagawa. Binti yako kupata nafasi chuo hiki hiki! Nimeshamtengea kitanda cha dirishani, chumba cha pili kutoka ofisi yangu, nimsikie hata akikohoa. Huyo mtoto akianza kuwauliza walimu maswali kama alivyokuwa akituuliza sisi, wataomba likizo.

Sasa kuna jambo. Simu sitaki kuitumia, maana ukuta wa ofisi yangu ni mbao na upande wa pili kuna masikio. Juma lililopita, saa nne asubuhi, wanafunzi wote wako darasani, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alibaki kitandani na homa. Mlango alikuwa ameufunga kwa ufunguo. Akasikia kitasa kinazunguka, akadhani ni mwenzake karudi. Kumbe mwanamume. Akambana mdomo kwa mkono. Mungu ashukuriwe, mtoto ana meno: alimng'ata kidole kwa nguvu zake zote, yule mtu akamwachia akatoka mbio. Uso hakuuona, shuka ilikuwa imemfunika kichwa. Nilipofika nilimkuta kakaa sakafuni kati ya vitanda viwili, hataki kuguswa. Nikakaa sakafuni naye. Kitasa nimekitazama mara tatu, hakina hata mkwaruzo.

Kuna waraka mpya hapa. Mfanyakazi yeyote wa chuo akiambiwa habari ya uhalifu, awe mwalimu, mpishi au matroni kama mimi, lazima aiandike siku hiyo hiyo kwenye daftari la matukio, na nakala iende polisi. Daftari analishika Mshauri wa Wanafunzi, yule yule uliyemwacha. Nikaenda. Alinipokea vizuri, akaniagizia na chai. Nilipofungua daftari akaninyooshea penseli, akasema, "Andika kwa penseli, Matroni. Nikishachunguza, nitapitishia wino." Sijawahi kuandika humo, nikadhani ananitania, kumbe ndiyo desturi yao. Kurasa zote zilizotangulia ni hivyo: sisi wote tuna penseli, mwenye wino ni yeye. Basi na mimi nikaandika kwa penseli.

Wewe ulishika funguo za chuo hiki miaka tisa kabla ya kuhamia huko kwenye stoo ya hospitali. Hebu niambie, mlango wa bweni unafunguliwaje bila kuvunjwa?

Dada yako.


Tarehe 21 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa sana posta, unajua watu wa posta. Huku wote wazima. Meno ya Mama yalikutwa ndani ya kopo la sukari, na mwenyewe anasema ni sisi tuliyaweka humo ili asile nyama. Stoo kazi ni nyingi, juma zima nimehesabu mashuka na mabeseni.

Kuhusu hayo uliyoniuliza, usijisumbue. Vitasa vile ni vya zamani, hata mpini wa kijiko unafungua. Pengine msichana mwenyewe alisahau kufunga, na homa nayo huleta ndoto. Umeshaandika, umetimiza wajibu wako, yaache hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtu wa heshima zake kama yule hawezi kuhangaika na watoto wa watu, na ukimchokoza utakayeumia ni wewe. Bado miaka michache tu upate pensheni yako, dada.

Halafu kuhusu Bi Maswali, tunafikiria asubiri kwanza. Kuna chuo kingine karibu na hapa. Huko kwenu ni mbali na mtoto wa kike ni mtoto wa kike.

Mama anakusalimu.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo wote. Mimi sijambo, ila sijalala vizuri tangu nisome barua yako.

Kwanza, usisingizie posta. Mama ameniandikia kwa mkono wa Bi Maswali. Anasema barua yangu aliipokea yeye mwenyewe mlangoni tarehe kumi Machi, ukaenda kuisomea chooni, ukakaa humo mpaka wifi akagonga akidhani umeanguka. Majuma sita, baba! Ulikuwa unatafuta kalamu?

Pili, umeandika "mtu wa heshima zake kama yule." Yule nani? Nimeisoma barua yako mara nne na yangu naikumbuka neno kwa neno. Nilikwambia mwanamume. Sikukutajia mtu wa kumshuku, kwa sababu sikumjua. Wewe unamjua?

Tatu, juzi Mshauri alikuwa kikaoni, nikaingia ofisini kwake kuandika habari ya bomba lililopasuka. Nikafungua ukurasa wa mwezi wa pili. Msichana wangu hayupo. Mstari wangu umefutwa kwa kifutio mpaka karatasi imekuwa nyembamba, nikiiinua naona mwanga upande wa pili. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho siku ile nilikipuuza. Aliponipa ile penseli alinipa kwa mkono wa kushoto, akasema, "Samahani kwa mkono wa kushoto, mlango wa gari umenibana." Kidole gumba cha kulia kilikuwa na bandeji. Nami nikampa pole! Nilimwambia "pole sana Mshauri," nikanywa na chai yake.

Jambo la mwisho. Barua yako ilipofika, bahasha ilikuwa na gundi mbichi ukingoni. Barua zetu zote hupitia ofisi yake kabla ya kugawiwa. Kuanzia sasa niandikie kwa anwani ya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Na unijibu nilichokuuliza.

Dada yako.


Tarehe 15 Mei

Dada,

Shikamoo.

Naheshimu umri wako, na baada ya Baba kufariki wewe ndiye uliyenilea. Lakini usiniandikie tena mambo hayo. Neno "yule" ni neno tu, limeniponyoka, watu huandika. Mimi niliondoka huko, nina kazi yangu, nina watoto. Kidole kinaweza kubanwa na mlango wa gari. Mbona hata changu kimewahi kubanwa.

Bi Maswali haji huko. Nimeshasema.

Mama hajambo.

Mdogo wako.


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Goti limepoa kidogo, mfagiaji alinipa mafuta ya kuchua yanayonuka mpaka wanafunzi wananipisha njia.

Ni huyo mfagiaji aliyenionyesha stoo ya nyuma, penye magodoro mabovu. Kitabu chako cha funguo kiko humo, mwandiko wako ule ule wa kuku aliyekanyaga wino. Nimekisoma chote. Ufunguo unaofungua milango yote ya bweni, ule mliouita "mama," umeandika ni mmoja. Umeweka sahihi kwamba chuo hiki hakijawahi kuwa na wa pili.

Lakini mimi nakumbuka harusi ya binamu yetu. Ulikuja umevaa suti na kamba shingoni, na kwenye kamba funguo mbili pacha zinagongana kama kengele ya mbuzi. Shangazi akakuambia uvue angalau kwenye picha, ukasema huwezi kuwaacha "mama" wawili nyumbani peke yao. Tulicheka sana. Picha ninayo hapa, zimeonekana zote mbili, mmoja una uzi mwekundu.

Basi nikaendelea kutazama tarehe. Sahihi yako ni ya tarehe kumi na moja Oktoba, miaka sita iliyopita. Nikaenda kutoa barua yangu ya ajira kwenye sanduku. Niliajiriwa tarehe kumi na mbili Oktoba. Matroni, bila usaili, mjane ambaye hajawahi kusimamia hata banda la kuku. Siku zote nilidhani ni maombi ya Mama. Juma lililofuata wewe ukaacha kazi, ukahama mji.

Nimekaa na karatasi hizo mbili mapajani mpaka chai yangu ikapoa. Sikutaka kukuuliza. Sasa nakuuliza: mdogo wangu, mimi nilipewa hii kazi ili wewe unyamaze?

Na kabla hujaniambia tena kwamba maneno huponyoka, sikiliza hili. Jumanne Mshauri alinisimamisha kwenye ngazi. Akatabasamu. "Kaka yako hajambo kule hospitali? Nasikia binti yake anakuja kwetu Septemba. Mwambie asihofu, nitamtunza mwenyewe." Mimi sijamwambia mtu yeyote hapa habari za Bi Maswali. Nilikuandikia wewe tu, na wewe ukanijibu.

Dada yako.


Tarehe 30 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama ana mafua kidogo. Wifi yako anakusalimu, ingawa siku hizi hatuongei vizuri. Anasema nimekuwa kama mtu anayedaiwa na majini.

Barua yako nimetembea nayo mfukoni siku thelathini na tisa. Nimeianza hii mara nyingi.

Kulikuwa na msichana mwingine, miaka sita iliyopita. Alikuja dirishani kwangu saa saba mchana, kavaa kiatu kimoja. Hakujua amwambie nani, akaona mwenye funguo ndiye atakayejua nani kafungua. Alichoniambia sitakiandika, ila huyo hakubahatika kama wako. Nikatazama msumari wa funguo. "Mama" mwenye uzi mwekundu hakuwepo. Alikuwa ameuazima Mshauri mwezi mzima kabla ya hapo, eti kwa ukaguzi wa vyumba. Nilikuwa nimemwamini, hata sahihi sikumdai.

Nikaenda ofisini kwake, dada. Wallahi nilikwenda, tena kwa hasira. Akaniacha niseme yote. Kisha akafungua daftari, akanipa penseli. Nikaandika. Akasoma, akachukua kifutio, akafuta mbele ya macho yangu polepole, akapuliza vumbi. Akasema, "Ufunguo ni mmoja, sivyo? Zikiwa ni mbili, wa pili ulipotea mikononi mwako, na polisi watataka kujua ulikuwa wapi wewe." Halafu, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, "Nasikia dada yako amefiwa na mume, ana watoto watatu. Tunatafuta matroni."

Wakati ule ulikuwa unauza maandazi mlangoni pa shule. Mwanao mdogo alikuwa amefukuzwa kwa ajili ya sare. Niliweka sahihi.

Yule msichana aliondoka chuoni siku ya Ijumaa. Godoro lake alilibeba kichwani. Mimi ndiye niliyemfungulia geti. Akaniambia, "Asante kaka." Siwezi kukueleza hiyo "asante," dada. Hata sasa nikifungua mlango wa stoo asubuhi naisikia.

Ulipoanza kazi nilijiambia, angalau dada yuko mle ndani, macho yake makali, hatathubutu tena. Nilikuweka pale kama kitasa. Ujinga ulioje.

Sasa Bi Maswali amegoma. Anasema nafasi ameipata kwa jasho lake na anakuja. Kila siku ananiuliza kwa nini nakataa, na kila siku namtungia sababu mpya. Jana ameniambia sababu zangu zimefika saba na hakuna mbili zinazofanana.

Ukimaliza kusoma, choma. Nakuomba kwa jina la Baba.

Mdogo wako.


Tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu,

Mama amepona mafua? Mpe maji ya moto na limau, akikataa mwambie nimeagiza mimi.

Sikuichoma.

Nililia kwanza, nisikufiche. Nililia kwa ajili ya yule wa godoro, kisha nikalia kwa ajili yako, kisha hasira ikaja nikatamani ungekuwa karibu nikuzabe kibao kama ulipokuwa mdogo ulipoiba asali ukamsingizia paka. Watoto wangu wamesoma kwa mshahara huu. Wamekula, wamevaa. Nikitazama sahani zangu kabatini, sijui nizifanye nini.

Kisha nikanawa uso, nikaenda dukani kununua kalamu ya wino, nyeusi, ile isiyofutika hata kwa mate.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ofisi ina watu, makarani wawili na mwalimu mmoja anasubiri muhuri. Nikaomba daftari la matukio. Mshauri akasukuma penseli kwangu, safari hii kwa mkono wa kulia, kidole kimepona, kimebaki kovu la nusu mwezi. Nikatoa kalamu yangu. Akasema, "Hiyo umeipata wapi, Matroni?" Nikamjibu, "Dukani. Na wewe, kovu?" Mwalimu akainua kichwa. Nikaandika, na kila nilichoandika nilikisoma kwa sauti kubwa kama mtoto wa darasa la pili, mpaka makarani wakaacha kupiga chapa. Alitaka kulivuta daftari. Nikalilalia kwa kifua. Mjane wa kilo tisini, angenitoa na nani?

Kutoka hapo nikaenda kituo cha polisi kwa miguu, na barua yako, na picha ya harusi. Yule msichana wa homa alinifuata na mama yake, akatoa maelezo mwenyewe. Hakuruka kitu.

Sasa sikiliza, maana sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Waraka unasema mfanyakazi aliyejua na asiseme ana kosa. Hausemi "isipokuwa awe ndugu." Katika maelezo yangu kuna majina matatu. La kwanza ni lako. La pili ni langu, kwa sababu niliandika kwa penseli mwezi wa pili na kumaliza chai, na nikakaa kimya mpaka Agosti nikikuandikia wewe badala ya kwenda polisi. La tatu ni lake.

Watakuita. Nenda kabla hawajakuita.

Mimi nimesimamishwa kazi. Nimepanga chumba kwa fundi cherehani, kina dirisha moja, naliona geti la chuo. Usiku huo huo nililala kama mtoto mchanga.

Dada yako, bado.


Tarehe 27 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Nilikwenda juzi, kwa miguu yangu. Kurasa nne, kwa wino, kila ukurasa sahihi. Askari aliniuliza kwa nini nimekaa miaka sita. Nilianza kusema habari za watoto wako na sare, akaniangalia tu, nikaacha. Nikamwambia niliogopa. Akaandika hilo neno moja.

Wananiambia uzi mwekundu umekutwa kwenye mtoto wa meza yake, ufunguo ungali umefungwa fundo nililolifunga mimi. Amekamatwa. Mimi nitaitwa mahakamani, kama shahidi au kama mshtakiwa, bado hawajaamua. Hospitali nimewaambia mwenyewe. Wanafikiria.

Bi Maswali anaondoka tarehe tano. Hajui kitu. Wifi yako anajua, amehamia chumba cha Mama. Nimejaribu kumwambia mtoto mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anapiga pasi nguo za safari anaimba. Mara ya pili aliniuliza, "Baba, unataka kusema nini?" nikasema asisahau mwavuli.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie. Mwambie jambo lolote, ila si hilo.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Septemba

Mdogo wangu,

Amefika salama, na sanduku, na mwavuli. Ameota mabega kama ya Baba. Shuka za Mama nimezipata, mwambie zimenifaa.

Bwenini kuna matroni mpya na vitasa vipya, vinang'aa. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, mimi siruhusiwi kuingia. Kitanda cha dirishani amekipata. Hakuchukua hata saa moja akawa amesharudi kwangu. Mbona vitasa vyote vipya na milango ya zamani? Mbona shangazi hayupo ofisini kwake? Mbona msichana wa kitanda cha jirani, aliposikia jina la ukoo wetu, alimshika mkono akamwambia asante?

Nilijibu la vitasa. Nilijibu la ofisi. La msichana, nilimweleza yaliyompata huyo mwenzake mwezi wa pili, maana ni haki yake kujua analala wapi. Akasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akauliza taratibu, "Baba alifanya kazi hapa miaka tisa. Alikuwa anajua?"

Uliniomba nimwambie jambo lolote ila si hilo. Sikumwambia hilo, na sikumwambia jingine. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Amekaa hapa mezani kwangu, kwenye kiti cha fundi, anakuandikia. Amechukua kalamu yangu. Amejaza ukurasa wa kwanza, sasa anageuza wa pili, na kila akiweka alama ya kuuliza anaikandamiza mpaka meza inatikisika. Barua yake itakuja pamoja na hii, bahasha moja.

Usimjibu kwa penseli.

Dada yako.